Meza Haipiti Mulangoni

Mpendwa mujukuu wangu Dezire, mume wangu mudogo,

Amahoro, hiyo amani ya salamu, sikutumii. Utaikuta hapa, uichukue mwenyewe. Mukeke anatoka Rumonge asubuhi, amelala kwenye beseni juu ya basi, anafika huko kwako Bujumbura macho bado yanang'aa, na yeye ni samaki, hana miguu. Wewe una miguu miwili niliyoipaka mawese kwa mikono yangu, na barabara ni ileile, lakini tangu mvua za mwaka jana imekushinda. Kila siku kwenye simu, "Nyogokuru, wiki ijayo." Hiyo wiki yako imezeeka kuliko mimi. Kwa hiyo nimemwita Janine wa jirani aniandikie, maana simu ukichoka unaikata, karatasi huwezi kuikata. Nimemukataza kunyoosha maneno yangu.

Nakuandikia habari ya meza yako.

Unakumbuka ilivyoanza? Shule ulikuwa umemaliza, kazi hakuna, ukawa unakaa mule chumba cha nyuma kama gunia la muhogo. Mimi nikikaanga ndagala, dagaa wetu, nilikuwa nakusimulia gari la moshi la kule Tanzania tulikokimbilia, namna tulivyokuwa tunalisikia tumboni kabla ya kuliona, na sogokuru wako, muzee wangu, anakimbia nalo akiuza miwa madirishani. Wewe ulizaliwa tumesharudi, hujaliona hata siku moja. Ukaniuliza, "Stesheni ilikuwa na milango mingapi?" Nikasema, haya, kichwa kimepata kazi.

Ukaanza kuijenga, ndogo, juu ya meza ya chumba hicho. Hukununua kitu. Reli ni spoku za baiskeli, mabehewa ni makopo ya sardini. Kuta ulikata kwenye katoni, ukazisiriba udongo uliouchekecha kwa kitambaa changu cha kanisani, na hilo sijasahau. Bati ulitengeneza kwa makopo ya nyanya, ukiyakandamiza juu ya chanuo langu mpaka yakapata migongo kama bati la kweli. Gundi ni uji wa muhogo. Ulipomaliza stesheni nilikuambia stesheni bila mutu wa miwa ni choo tu. Kesho yake nikamukuta amesimama pale, njiti moja ya kiberiti, mabega yameinama kidogo, mzigo wa nyuzi za mufagio begani. Nilitoka nje. Picha ya muzee wangu hatuna, zote zilibaki kule Tanzania siku ya kurudi. Ile njiti ndiyo picha.

Halafu ukaileta reli huku kwetu, mahali ambapo haijapita hata kwa ndoto, ukaipitisha kando ya ziwa, ukaujenga mutaa wote: banda la kuanikia ndagala, duka la Salumu, nyumba yetu na baraza yake. Kipimo chako kilikuwa njiti: mutu ni njiti moja, mulango uizidi njiti kwa kichwa chake, mutu asiiname. Ulikuwa unatembea Rumonge nzima umefumba jicho moja, njiti mbele ya uso. Salumu akakuona.

"Dezire, unataka kunichomea duka?"

"Hapana, Baba Salumu. Nakupima."

"Unanipima? Kwani nimekufa?"

Tulicheka wote. Leo Salumu yuko kwa binti yake huko Bujumbura, na pale palipokuwa duka lake bata wanaogelea.

Milango yote ya Rumonge uliipima, isipokuwa ule wa chumba hicho cha nyuma. Siku padri alipoomba meza ipelekwe kwenye ukumbi watu waione, muliinua wanaume wanne, ikagoma. Mukaiweka ubavu, stesheni ikataka kudondoka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe ukafuta jasho, ukasema, "Basi ikae hapahapa. Nani anaihamisha?"

Neno hilo sasa silicheki.

Ziwa linapanda, Dezire, na safari hii halirudi. Lilianza na banda la ndagala. Panya wa kule chini nao wakahama, wakaja kwangu, wakanusa uji wako wa muhogo. Wiki ile maji yalipoingia bandani, nikakuta banda lako dogo limetafunwa, paa limelala. Nikasema panya ni panya. Ukuta wa Salumu ulipoanguka ndani ya maji, asubuhi nikaingia na taa, nikakuta duka lake mezani limebaki bati tupu. Mimi ni mukristo, sitaki kusema neno. Nimeweka mitego, nimeazima paka, paka amekimbia. Jana nimekuta alama za meno kwenye baraza yetu. Baraza ile ndogo, pale sogokuru wako alipokaa jioni yake ya mwisho.

Sakafu inatoa jasho. Nikipangusa, inatoa tena. Nyuma ya jiko nimekuta mavi ya kiboko, bado ya moto. Shefu wa kartier, mukubwa wa mutaa, amepita na rangi, ametupiga musalaba mwekundu ukutani kwamba tuhame, hata hodi hakusema.

Mama yako alishuka kutoka mulimani kunichukua. Akatazama meza. "Mama, hii ni katoni na makopo." Nikamwambia baba yako ndiye huyo pale, ana miwa, ongea vizuri. Halafu akasema basi tuikate vipande. Mimi sijui inakatwa wapi. Wewe uliijenga, wewe unajua inavyoshikana. Mutu mwingine akitia musumeno ovyo, gari litabaki upande huu na muzee upande ule, na kutengana hivyo ndiko tulikotoka.

Tulishakimbia na tukarudi, mara zote mbili mikono mitupu, tukabaki na kusimulia tu. Nimesimulia miaka mingi, mpaka wewe ukanitengenezea kitu cha kugusa. Maji siyaogopi. Naogopa kurudi kusimulia.

Kwa hiyo sitoki humu bila meza. Mama yako analia, shefu anapiga kelele, mimi nakaanga ndagala.

Sikiliza sasa. Ukija, usishukie chini sokoni, barabara ya kuja kwetu iko ndani ya maji. Shukia juu kwenye kanisa, upite kwenye michikichi. Usiniletee sukari wala kitenge. Musumeno uache hukohuko. Huyo bosi wako anayeuza vyuma, muombe nyundo ile kubwa ya kuvunjia. Meza haikatwi. Nyumba ni ya maji hata hivyo, na mulango wake mwembamba na kuta zake zote. Utavunja ukuta wa upande wa mulima, meza itoke nzima, nimeshauchora kwa mukaa. Lakini usipige hata nyundo moja kabla hujatoa njiti yako na kufumba jicho. Safari hii pima kwanza.

Mimi nyogokuru wako, muke wako wa kwanza