Namba ya Pili

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Mimi mwili hauna neno. Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ningekuwa wewe hata mimi nisingejipokea. Nyumbani wote wazima. Baba anakula vizuri na ubishi wake uko palepale, juzi alimtoa jasho fundi wa bomba. Jicho la kulia ndiyo limeshazima kabisa. Daktari anasema tulilinde la kushoto.

Nyumbani mkiulizwa kazi yangu huwa mnasema tu kwamba nakaa na kompyuta. Leo nivumilie nikueleze, maana inakuhusu. Ile orodha ya wagonjwa wanaosubiri upasuaji wa macho tuliitengeneza sisi. Kliniki za mitaani hututumia taarifa za mgonjwa kwa mtandao, na kila taarifa ina visanduku vyake: jina, umri, ugonjwa, simu. Programu yetu huvifungua na kuweka kila kitu mahali pake. Tulipoanza ilibidi tuchague namna ya kuvifungua. Namna moja ni kali: ikikuta kisanduku isichokijua, inakataa taarifa nzima na kupiga kelele mpaka mtu aje. Nyingine ni ya upole. Inachukua inavyovijua, visivyojulikana inavitupa kimyakimya, kazi inaendelea.

Jirani yangu wa meza ni mama mmoja tunayemwita Breki, kwa vile hakuna jambo asilolisimamisha kwanza. Yeye aliitaka ile kali. Alisema mtambo ulionyamaza ni kama mtoto aliyenyamaza chumbani, inuka ukaangalie anafanya nini. Nikamcheka. Bosi hakutaka kazi ikwame, nami nilikuwa nimechoka kuitwa kila programu inapolalamika, basi nikaitetea ile ya upole kwa maneno matamu hadi nikashinda. Bosi akanipa mkono mbele ya watu, kichwa kikavimba.

Miezi miwili baadaye kliniki ya mtaa wa Baba wakaongeza kisanduku cha simu ya pili, ya ndugu wa mgonjwa, kwa sababu wazee wengi hawapokei simu. Wakatuandikia kutujulisha. Nikautazama mtambo, nikaona haujalalamika, nikawajibu kwamba mambo ni shwari. Ungelalamika vipi, na mimi ndiye niliyeufundisha kunyamaza?

Hospitali ilimpigia Baba mara tatu, kwenye kile kisimu chake kinachoshinda kwenye droo kimezimwa. Utaratibu wao ni kwamba asiyepatikana mara tatu anarudishwa mwisho wa foleni. Zamu yake ilipofika tena, jicho lilikuwa limeshakwenda.

Kile kikao cha sebuleni unakikumbuka kuliko mimi. Kaka mkubwa alikuuliza ulikuwa wapi, wewe unayekaa na Baba. Ukaapa kwamba ulimwandikisha karani namba yako na hukupigiwa hata mara moja. Shangazi akaguna. Baba alikuwa kimya kwenye kiti chake. Ndipo Kaka akanigeukia mimi, msomi wa nyumba, nimalize ubishi. Nikafungua kompyuta mbele yenu, nikasema namba iliyopo ni moja tu, ya Baba. Ukanitazama tu. Wiki ileile ukafungasha vitu vyako.

Wiki iliyopita karani wa kliniki alikuja ofisini amefura, na nakala za taarifa alizotutumia. Ya Baba ilikuwemo. Namba yako imeandikwa wazi, na pembeni yake neno “binti”.

Ningeweza kuishia hapo, ukadhani kaka yako alikosea bila kujua. Sivyo, mdogo wangu. Siku nne kabla ya kikao, Breki alikuwa ameniambia kwamba kuna visanduku tunavitupa. Nilimjibu nitaangalia, sikuangalia. Ulipoapa pale sebuleni nilijua namba yako ilikuwa kwenye vile visanduku tulivyovitupa. Nikanyamaza, kwa sababu nikisema aibu ni yangu, na nisiposema ni yako. Nilichagua iwe yako.

Sasa tumeweka ile namna kali, na mtambo unapiga kelele kutwa nzima. Tumekuta wazee arobaini na mmoja waliorukwa kama Baba. Daktari nimemrudia mara mbili, jibu ni lilelile: jicho likishazimwa na presha ya macho halirudi. Sina la kufanya. Nazunguka tu kama kuku aliyenyeshewa.

Jana nilimweleza Baba yote, bila kuficha hata hilo la Breki. Nilitegemea anifokee. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama ina maana ulisema kweli. Nikasema ndiyo. Akaniambia kwamba siku ile kwa karani alikuwa amekaa kando yako, akakusikia ukiitaja namba yako tarakimu kwa tarakimu, na pale kwenye kikao alikuwa afungue mdomo akutetee. Lakini mimi nilipoisoma kompyuta, akadhani ni uzee unamchezea, akanyamaza.

Jumapili nitawaambia wote, palepale sebuleni. Kuja au kutokuja ni hiari yako. Msalimie rafiki yako aliyekupa chumba, mwambie namshukuru.

Ni mimi kaka yako.