Kichocho cha Mahona na kicheko cha baba mkwe

Batuli usinipigie, nikiongea nitalia. Soma tu.

Nimefika kijijini Choma, kwa wakwe, kumchukua Mahona, likizo imeisha. Mwanangu anakojoa damu! Damu, shoga! Mtoto wa darasa la tatu!

Namuuliza baba mkwe, anacheka. ANACHEKA. Eti, "Mkamwana, huyo sasa dume. Sisi sote tulikojoa damu enzi za Ujamaa. Lambo tulichimba wenyewe, tukaoga humo, na damu ikaacha yenyewe."

Nimembeba mwanangu mpaka zahanati. Kichocho. Dawa kapewa.

Daktari kanieleza kuwa seli nyeupe za damu hujifunza kumtambua mnyoo wa kichocho taratibu mno, miaka na miaka, mpaka ukiwa mtu mzima zinawakaba minyoo wengi wapya kabla hawajakita mwilini. Ndiyo hiyo "ikaacha yenyewe" ya mzee! Lakini za Mahona bado hazijajifunza, na huku mayai ya minyoo yanamuumiza kibofu, na jeraha hilo huweza kuua hata ukubwani.

Nimerudi nikamweleza mzee. Kanijibu, "Mbona mimi mzima?"

Mbona mimi mzima, Batuli!

Hapo adabu zote za ukwe zikanitoka. Nikamuuliza, "Na mdogo wako Limbu, mliyeoga naye lambo hilohilo?"

Kicheko kikakatika.

Limbu alikufa anakojoa damu. Ukoo mzima wakasema mkewe kamroga. Na aliyemfukuza yule mjane na wanawe, vyombo vikatupwa barabarani, ni huyuhuyu mzee anayecheka.