Sanduku la Usagara Nililolifukizia Udi

Alhamisi. Mvua imepiga tangu alfajiri na njia zote za hapa Chumbageni, Tanga, zimekuwa tope tupu. Umeme umerudi baada ya adhuhuri, na mie nimekaa kwenye kompyuta na kanga mbichi mabegani, maana nisipoandika nitapasuka.

Nimedanganywa. Na aliyenidanganya nimemlea mwenyewe.

Wewe uliyekuja kutafuta udi, udi upo, teremka chini utauona. Leo sina maneno matamu.

Nianze mwanzo, usije ukasema bibi kachanganyikiwa. Kikundi chetu cha akina mama tunapika udi wa sukari, tunawauzia maharusi. Wateja walikuwa wa hapa hapa, mpaka Wapemba wakaanza kuagiza kwa jamaa zao, na watu wakaniambia, Bi Mwanakombo, fungueni tovuti. Nikasema haya. Mie shule yangu ni ngumbaru, ile ya jioni, mtoto mgongoni, lakini kusoma najua, kuandika najua, na kichwa changu ni changu.

Sikujua kwamba tovuti lazima ipangiwe mahali. Nilidhani ukishaitengeneza imekwisha, kama kikapu. Kumbe inataka nyumba. Kuna mitambo ya watu inayowaka mchana na usiku, ndimo picha zako na maneno yako yanamokaa, na mtu akikutafuta anaelekezwa huko. Wewe unakuwa mpangaji. Nikaona aa, hili nalijua. Nimepangisha vyumba miaka na miaka, mpangaji mbaya namjua kwa hodi yake, na mwenye nyumba mbaya vilevile.

Nikatafuta nyumba. Ya kwanza ilikuwa ya bure, ya wazungu. Nikafungua tovuti ya mtu mwingine anayekaa humo. Juu ya picha za misala yake ya kusalia wamebandika tangazo la bia. Bia! Nikatoka mbio. Ya pili ilikuwa kampuni ya Dar es Salaam. Nikawapigia simu, nikawauliza vitu vyangu vitakaa wapi. Jamaa akanijibu, "Mama, hilo halikuhusu, sema unataka nafasi kiasi gani." Nikamkatia. Mtu anakupangisha chumba na mlango hataki kukuonyesha?

Ya tatu ilikuwa ya Zuhura.

Zuhura ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mama yake aliolewa kwingine, nikamchukua angali ananyonya kidole, nikamlea, nikamsomesha mpaka akajua mambo ya kompyuta. Sasa ni mtu mzima, ana wanawe, ana duka lake pale Usagara. Akaniambia, "Shangazi, uhangaike na watu baki kwa nini? Tovuti yako itakaa kwetu, hapa hapa." Akanyoosha mkono kwenye kona ya duka. Palikuwa na sanduku la chuma lenye taa ya kijani, linanguruma polepole kama paka aliyeshiba.

Nikalipenda. Nakiri. Nililipenda lile sanduku kama mjinga.

Nikaenda na chetezo, nikalifukizia udi wetu wenyewe, nikalisomea Fatiha, nikalifunika kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu lisiingie vumbi. Zuhura alisimama ananitazama. Akasema, "Shangazi, kitambaa toa, litapata moto." Hilo tu.

Sasa sikiliza ninapoumia. Akina mama wenzangu hawakutaka picha. Hasa Mama Saumu, na yeye ndiye fundi wetu, udi akiukoroga mwingine hauwi udi. Mama Saumu ni mtu wa stara, hata harusi ya mwanawe hakukaa mbele ya kamera. Nikamwambia, shoga, kutazamwa ni jingine na kukaa ni jingine. Watu watakutazama kama mgeni anavyotazama picha ukutani, kisha wataaga, picha itabaki kwetu. Iko Usagara, kwa Zuhura wetu. Siku ukichoka tunakwenda kwa miguu, tunaitoa.

Akaniuliza, "Unaapa?"

Nikaapa. Akapigwa picha amekaa mbele ya sufuria, uso wazi, anacheka.

Jana basi. Mgawo wa umeme ukaishukia Usagara yote. Nilikuwa barazani kwa Zuhura nasubiri mvua ipungue. Jenereta haina mafuta, dukani giza, sanduku limezima, ile taa ya kijani hakuna. Nikasikitika, nikasema maskini, tovuti yetu nayo iko gizani. Hapo simu ikalia. Bi Time, mteja wetu wa Wete, Pemba, anamwoza binti yake.

"Bi Mwanakombo, ndiyo nautazama udi wako hapa kwenye kompyuta ya mwanangu. Na huyu mama anayecheka mbele ya sufuria ni nani? Kachangamka!"

"Huwezi kuuona," nikamwambia. "Huku umeme hakuna."

"Mbona nauona?"

"Nakwambia sanduku limezima, nalitazama kwa macho yangu!"

Akacheka mpaka akapaliwa. "Basi majini wenu wa Tanga hao ndio wananionyesha!"

Mie sikucheka. Nikaingia ndani, nikamuuliza Zuhura tovuti yangu iko wapi. Akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Ipo hewani, shangazi, si umesikia? Haikuzimika hata kidogo. Huoni raha?"

"Sikuuliza kama ipo hewani. Nimeuliza inakaa wapi."

Mwisho akasema, Marekani. Yeye anapanga nafasi kubwa kwa wenye mitambo wa huko, anaikatakata vipande, anatupangishia sisi.

"Na hili sanduku?"

"Hilo stabilaiza, shangazi. La kulinda kompyuta umeme ukipanda na kushuka."

Stabilaiza.

Nimeisomea Fatiha stabilaiza.

"Wewe mlanguzi," nikamwambia.

"Mie si mlanguzi, mie wakala. Mjini wote wanafanya hivi. Na mitambo ya huko ni mizuri, nimekuchagulia iliyo bora. Ningekwambia Marekani, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi ndiyo maana."

"Ulisema kwetu. Kwetu ni Chumbageni au kwetu ni Marekani?"

Nikachukua mwavuli wangu nikatoka, mvua au si mvua.

Zuhura hajui neno mlanguzi lina uzito gani, alikuwa hajazaliwa. Enzi za foleni, sukari ilikuwa ya kubahatisha. Nilikuwa namwoza binti yangu mkubwa, nikaenda kwa jirani yangu, mtu tuliyekuwa tukila sahani moja. Magunia ya sukari yalikuwa chini ya kitanda chake. Akanitazama usoni akasema, "Wallahi shoga, hata ya chai sina." Binti yangu aliingia kwa mumewe bila udi. Tangu siku ile, mtu anayenitazama usoni na kitu kiko chini ya kitanda, mie namwita kwa jina lake.

Na angalau yule angesingizia dhiki. Siku hizi milango yote imefunguliwa, biashara ruksa kwa kila mtu, maduka yamejaa mpaka vitu vinamwagika barabarani. Zuhura, mwanangu, wewe utasingizia nini?

Sitaki kuonea mtu. Tovuti inafanya kazi, na ingekaa kweli ndani ya lile sanduku ningemkosa Bi Time jana. Najua hilo, msije mkanifundisha. Lakini mimi sikudanganywa kuhusu uzuri wa nyumba. Nilidanganywa nyumba iko wapi, nami nikaenda kumdanganya mwenzangu kwa kiapo.

Kinachonikata maini ni kile chetezo. Alinitazama natembea na moshi kuzunguka lile dude, naomba Mungu alilinde, na akanyamaza. Angecheka ningemsamehe.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mama Saumu. Sitaki kujisifu, nilifikiria kunyamaza. Hana kompyuta, hana anayemsomea mambo haya, asingejua mpaka anaingia kaburini. Lakini nikinyamaza nitakuwa nani? Nitakuwa Zuhura mwenye mvi.

Nimemkuta jikoni. Nikamweleza yote nimesimama, hata kiti nilikikataa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua ulipoapa?"

"Sikujua."

"Itoe."

Nikasema nitaitoa leo leo, umeme ukirudi tu. Akafunika sufuria, akanipa kitambaa nijifute uso. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Ile picha niliipenda, ujue. Nilikuwa sijui kwamba nacheka vile."

Bora angenitukana.

Nimeitoa. Zuhura mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuweka na kutoa, na vidole vyangu vimejua njia. Kabla ya kuitoa mashine iliniuliza kama nina hakika. Angalau yenyewe imeuliza. Sasa mahali pale pana mraba mweupe, kushoto udi, kulia udi, katikati hakuna mtu.

Tovuti nitaihamisha. Wapi, bado sijui. Ila huko niendako nitauliza swali langu lile lile, wacheke wasicheke, na kama ni Marekani niambiwe Marekani. Mie mtu mzima. Naweza kukubali, naweza kukataa, na yote mawili ni haki yangu. Na akina mama wengine nitawakusanya niwaambie kwa kinywa changu, kila mtu aamue uso wake ukae wapi.

Maneno haya yenyewe nayaandikia humo humo, kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua. Ayasome akipenda.

Alasiri Zuhura amepiga simu. "Shikamoo, shangazi." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya siku zile akivunja kikombe. Sikuitika. Nikakata. Tangu nizaliwe sijamnyima mtu marahaba, hata adui, na leo nimemnyima mtoto wangu.

Kesho Ijumaa. Kila Ijumaa, baada ya swala, Zuhura huja na wanawe kula kwangu, tangu aolewe hajakosa. Mchele nimeshauchagua, upo kwenye ungo.

Nimekaa nautazama. Niinjike wa watu wangapi?