Samli Kwenye Bunduki ya Babu

Abdi, mtoto wa kaka yangu, asalaam aleikum. Sisi wa Kotile ni wazima, na binti yangu ameota jino la pili.

Umeuliza kwa nini ile bunduki kuukuu ya marisau uliyopewa kulindia mbuzi wa tajiri wako huko Tarbaj inapiga moja halafu inakwama, ilhali inatakiwa kujijaza yenyewe.

Babu yako alikuwa na kama hiyo, ya leseni. Kuisafisha ilikuwa kazi yangu nikiwa msichana. Niliipenda, basi nikaipaka samli ndani na nje, nikidhani mafuta mengi ndiyo matunzo. Ikang'aa. Lakini vumbi letu unalijua. Alasiri moja mbwa mwitu waliingia kwa mbuzi. Baba akapiga mara moja, ya pili ikagoma. Mengine tuyaache.

Baadaye akatoa risasi zote, akaifungua, akapanga vyuma juu ya gunia. Springi ya kuijaza ilikuwa imegandana na tope la samli.

"Nani ameikaanga hii?"

"Mimi, aabo."

"Bunduki si mkate wa anjera, binti yangu. Futa kwa mafuta ya taa mpaka kidole kitoke kikavu. Halafu mafuta ya bunduki, tone moja tu."

Nawe fanya hivyo. Ikikwama bado, springi imechoka, mpelekee fundi.

Nililia sana siku ile. Ila kitambaa cha kuisafishia alinirudishia mimi, hakumpa baba yako.

Eedo yako, Halima