Disque Haionekani

Beni, tarehe 3 Machi 2025

Binti yangu Jokébed,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Hapa tuko wazima, mimi na shangazi yako Joyeuse, ila magoti yangu yananung'unikia mvua. Bwana yako Paulin na watoto wanaendeleaje na baridi ya Butembo?

Mwanangu, ile disque ya kuhifadhi uliyoniletea Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, imenichanganya kichwa. Ulisema ordinateur, hii kompyuta yangu, itanakili yenyewe humo nyimbo za mama yako, kila jioni saa mbili, courant ya umeme ikiisha kurudi, na mimi nisiguse kitu. Sikugusa. Lakini kila asubuhi nikifungua ninakuta maandishi mekundu: «Sauvegarde échouée. Disque introuvable.» Eti kunakili kumeshindikana, disque haionekani! Na mimi ninaiangalia, iko mbele yangu, taa yake inawaka. Kati yangu na ordinateur, nani kipofu?

Nayo ordinateur inalia kama mashini ya kusaga muhogo. Fundi amesema haitafika mbali. Na sauti ya marehemu haiko pahali pengine popote. Niambie nifanye nini.

Papa yako, Ananie


Butembo, 5 Machi

Papa mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, magoti pole. Kwenye WhatsApp hakuna haja ya kuandika mji na tarehe, lakini naandika nami, nisije nikagombezwa.

Paulin anasema ni cable. Nunua mpya, ujaribu na tundu lingine. Je, saa mbili ordinateur inakuwa inawaka? Hakuna mtu anayeizima? Zaidi ya hapo usiguse kitu, Papa. Tunakumbuka siku ulipofuta picha za harusi ya kaka Lévi.

Binti yako, Jokébed


Beni, tarehe 14 Machi 2025

Binti yangu,

Amani kwenu. Barua isiyo na tarehe ni mtoto asiye na jina, usinifundishe uvivu.

Nimenunua cable sokoni. Muuzaji ameapa: «Muzee, hii iko nguvu, hata panya hapana kuikula.» Nimejaribu matundu yote. Ordinateur inawaka usiku kucha, hakuna anayeizima. Asubuhi ni yale yale, introuvable, na disque iko pale inanikonyeza. Nilimwomba Mchungaji Zorobabel aiombee, akacheka: «Papa Ananie, Mungu hapana technicien!» Mimi sicheki. Sielewi, na nimechoka kutoelewa.

Papa yako


Butembo, 16 Machi

Papa,

Shikamoo. Nasi hatuelewi. Paulin amekuna kichwa mpaka nimemwambia aache. Nitakuja mwenyewe Pasaka. Mpaka hapo uiombee hiyo mashini isife. Papa, nimeanza kusahau mama alikuwa anacheka namna gani. Naogopa sana.

Binti yako


Kalunguta, tarehe 28 Machi 2025

Jokébed,

Tuko hai, wote wawili, hiyo kwanza. Jana jioni tulikuwa tunanawa mikono tule, masasi ya bunduki yakalia. Joyeuse akapiga kelele: «Kaka, twende! Chakula tuache!» Nikashika sac ya kukimbia, ule mfuko unaokaa tayari mlangoni, tukatoka na majirani. Sasa tuko huku kwa shemeji.

Nimefungua sac. Diplôme zako zimo, karatasi za shamba la kakao zimo, Biblia imo. Disque hakuna. Jirani yetu Phinées alinikawiza na maneno yake ya kakao, nikawa sijaiweka bado. Siku moja tu! Ordinateur nayo imebaki; nimemwacha mama yako nyuma. Nimelia mbele ya watu.

Papa yako


Butembo, 28 Machi

Papa wangu,

Wasingya, asante Mungu wetu, mko hai. Usirudi kwa sababu ya disque, nakukataza. Mama mwenyewe angenipiga kofi nikikuacha urudi. Shemeji anawalisha vizuri? Mnalala wapi?

Ila kuna neno sielewi. «Siku moja tu»? Kumbe disque ilikuwa inaingia kwa sac kila jioni? Saa ngapi?

Binti yako


Beni, tarehe 31 Machi 2025

Binti yangu,

Salamu nyingi. Tumerudi juzi na majirani. Mtaani kwetu hakuna aliyeguswa, na nyumba ni nzima, ila maharagi yameota ukungu.

Ndiyo, kila jioni, kabla ya kula. Nani hapa Beni analala na kitu cha maana juu ya meza? Asubuhi ninairudisha pahali pake, ndipo ninafungua ordinateur. Sikukuambia kwa kuwa hukuuliza. Mtu haelezi kwamba amevaa viatu.

Juzi nilipofungua, maandishi yalikuwa ya kijani: «Sauvegarde terminée», kunakili kumekwisha. Nikamwita Joyeuse asome naye. Mpaka sasa nimechanganyikiwa: jioni niliyoiacha juu ya meza ndiyo ilifanya kazi. Paulin atanieleza polepole. Jana ordinateur ilijizima, na haijawaka tena.

Nikaipeleka disque kwa Phinées, kwenye ordinateur yake. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mazoezi, pale kwetu nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa narekodi. Katikati mama yako anasimamisha kwaya na kucheka, kicheko chake chote, Jokébed, hakikupunguka. Halafu anasema: «Ananie, we! Acha kugusa-gusa ile mashini, itajifanyia yenyewe. Kuja ukule, fufu inapola.»

Pasaka ulete disque ya pili, moja ya sac na moja ya kubaki.

Nilisimama pale kwa Phinées, watu wananiangalia, nikamjibu: «Ninakuja.»

Papa yako, Ananie