Mkono Uliokataa Kufunguka

Nairobi, Agosti 1958

Baba yangu Mzee Rwezaura,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo huko Kituntu, na kahawa imeanza kuiva. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ni kali na chakula cha chuoni ni cha kufumbia macho. Tafadhali isome barua hii peke yako, usimpe katekista akusomee. Ina mambo ya nyumba yetu.

Uliniuliza nasomea nini hasa, kwa kuwa majirani wanadhani nafundishwa kuwasha taa. Muhula huu tunasoma njia za umeme: unatoka wapi, unapita wapi, unarudi vipi. Mwalimu wetu ni Mzungu mkavu asiyecheka. Anasema msukumo ukizidishwa mara mbili, mkondo nao unazidi mara mbili, na ukichora karatasini unapata mstari ulionyooka. Penye betri mbili, unapiga hesabu ya kila moja kana kwamba nyingine haipo, kisha unajumlisha. Nililipenda somo hilo, nikaanza kujiona mtu.

Mwezi uliopita alitueleza habari za mtu anayenaswa na umeme. Alisema chombo cha chuma lazima kiungwe ardhini kwa waya, ili umeme ukivuja uzame huko badala ya kupita mwilini mwa mtu. Halafu akasema, kama anayezungumzia mvua, kwamba aliyeshika chuma chenye umeme hawezi kuachia, maana umeme wenyewe ndio unaofunga vidole. Baba, niliweka kalamu chini. Nilimwona kaka Yustus.

Unakumbuka walivyomleta kutoka machimbo ya bati kule Kyerwa, ngumi imefumba, na si mafuta wala maombi yaliyoifungua. Wakubwa wa machimbo walisema alishika pampu akiwa amelewa rubisi. Ukoo wetu, pamoja na rozari zetu zote, ukaenda kwa mganga, naye akasema mkono ule umefungwa na mkewe. Adventina akatolewa kibanjani, kwenye nyumba na migomba ya mumewe, matanga hayajaisha. Binti yao Eugenia, aliyekuwa ameachishwa ziwa juzijuzi, mkabaki naye, mkisema mtoto ni wa ukoo.

Nilipokuwa nakuja huku nilipita Murongo ili nivukie Uganda, nikamkuta Adventina kivukoni anauza ndizi za kuchoma. Alipiga magoti kunisalimu. Hakuuliza habari ya mtu mwingine, aliuliza kama Eugenia ameanza kung'oka meno. Nikamwambia ana pengo la mbele. Akacheka, kisha akalia, na watu wakawa wanatutazama.

Basi nimepiga hesabu yangu. Nilimwandikia rafiki aliyefanya kazi na Yustus, akanijibu kwamba pampu ile haijapata kuwa na waya wa ardhini. Hilo ni la wakubwa, na najua hakuna atakayewauliza. Chini palikuwa na matope. Na Yustus alikuwa pekupeku. Kifo hakijumlishwi kama betri, Baba. Ondoa kimoja tu katika hayo, na kaka yangu angekuwa hai.

Sasa nisamehe kwa ninaloandika. Machimbo walimpa buti za mpira, na mpira haupitishi umeme. Wiki ile aliyokufa ulimwomba akuachie uende nazo harusini Omurushaka, watu wakuone. Nilikuwapo ulipomwomba. Alizivua papo hapo, akakupa kwa mikono miwili, akarudi kazini bila viatu.

Sisemi kwamba ulimuua. Hukujua, na Kituntu nzima hakuna aliyejua. Lakini Adventina naye hakujua, tena hakufanya lolote, na ndiye aliyefukuzwa kama mchawi huku wewe ukipewa pole. Nina uchungu nawe, na uchungu huo nimeshindwa kuumeza. Nenda Murongo mwenyewe, usitume mtu. Mwombe radhi, umrudishe kibanjani kwa mtoto wake, na ukoo uambiwe sababu kwa kinywa chako. Kabla ya hapo mimi sitakuja likizo, hata Krismasi.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, na shangazi Joviana, na wote wanaoniulizia. Msalimu pia Eugenia. Ukimsalimu, mwambie mama yake yu hai, maana mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani nilimsikia akimwombea pamoja na marehemu.

Ni mimi mwanao,
Gosbert