Wavulana wa Misheni Wameniezekea Jiko

Kihesa, Iringa
Juni 1956

Mwanangu Anania,

Hivi huko Mbeya wamekufunga miguu? Tumevuna mahindi mara mbili hujakanyaga hapa, halafu unatuma salamu kwa dereva wa lori! Salamu haziingii chunguni.

Sisi wazima. Wavulana wa shule ya misheni wameniezekea jiko, huku wanaimba Kilatini juu ya paa, na nyasi zimelala vizuri kuliko ulivyoezeka wewe. Wana adabu wale! Matofali ya kanisa jipya wamefyatua wenyewe, na siku ya Mtakatifu Petro askofu anakuja kulibariki. Mwanao Fulgensi ndiye atakayepiga ngoma kubwa.

Sasa nisikilize. Fulgensi anataka upadre. Ni mwanao wa pekee, najua, hutapata mjukuu. Nililia siku nzima. Kesho yake nikamwona amembeba mgongoni mzee Kalisti, yule kipofu, anampeleka misa, nikafuta machozi. Anaogopa kukuambia.

Uje sikukuu hiyo. Akikuambia, usimjibu na njaa. Mwache akunawishe mikono, ule ugali wangu ushibe, ndipo ufungue mdomo.

Mama yako,
Gaudensia
(mkono ni wa Mwalimu Lukio, maneno yangu)